Picha Nzuri ya Shimo la Mungu

Asimamaye kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, Newala, kusini mwa Tanzania, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa kama mkeka, na simu hutoka mfukoni papo hapo. Picha haioneshi kuwa mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno na Wajerumani waliugombania mji huu, mizigo wakiwatwika watu wasiohusika na ugomvi wao. Wala haioneshi akina mama walioteremka makorongo kufuata maji, wakapanda na mzigo kichwani. Mtasema uzuri hauna kosa. Kweli, mwenye kosa ni anayeutaka bila deni lake. Wamakonde, wenyeji wa hapa, hawajidanganyi hivyo: humchonga shetani wa mpingo, mdomo wazi, macho yamekodoka, na mgeni humlipia akichekelea! Basi, mgeni mpendwa, ukishamfunga shetani wako kwenye gazeti, uliza pia ndoo ya maji ni shilingi ngapi.