Akina Ilunga

Ilunga ni jina la Waluba wa Kongo, na anayeliita kwa sauti katika soko la Lubumbashi ajiandae kuitikiwa na zaidi ya mmoja. Wa kwanza kwa heshima ni Kalala Ilunga, ambaye masimulizi humtaja kuwa alianzisha ufalme wao baada ya kumwangusha mjomba wake, Nkongolo. Sylvestre Ilunga Ilunkamba hakumwangusha mtu: aliongoza shirika la reli la SNCC, lenye makao makuu mjini humo, akawa waziri mkuu mwaka 2019, kisha wabunge wakamwangusha yeye Januari 2021.

Anayewapita wote kwa umaarufu ni Mwepu Ilunga, beki wa klabu ya Mazembe. Katika Kombe la Dunia la 1974, Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, ikicheza na Brazili, alichomoka kwenye ukuta akaubutua mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazili walikuwa bado wanautafakari. Dunia ilicheka, ikasema hajui sheria. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua vizuri na alikusudia. Alipewa kadi ya njano.

Mwaka 2004 kampuni moja ya wafasiri huko London ikatangaza kwamba ilunga ndilo neno gumu kuliko yote duniani kutafsiri: eti ni mtu anayesamehe kosa la kwanza, akavumilia la pili, asiyekubali kabisa la tatu. Wataalamu elfu moja walishauriwa. Mjini Lubumbashi ni jina la jirani.