Jinsi ya Kumtii Mkubwa Usiyekubaliana Naye

Sogea nikunong'oneze. Mchungaji, bosi au mwenyekiti wa kijiji katoa amri, nawe moyoni unajua kakosea. Unataka kutii bila kujidharau. Yawezekana, na njia za mkato zimo mle mle kwenye Biblia unayoibeba kwapani kila Jumapili.

Kwanza, usianze na hapana. Anza na ombi. Danieli alipopangiwa chakula cha mfalme kule Babeli hakupindua meza. Mkuu wa matowashi alikuwa ameshasema anahofia kichwa chake iwapo Danieli na wenzake watakonda, basi Danieli akamwendea msimamizi wa chini: tujaribu siku 10 tu, kwa mboga na maji. Nani angekataa siku 10? Mkubwa wako naye ana mkubwa wake. Mpe mwanya wa kukubali bila kuingia matatani.

Pili, heshima ya nje igawe bure. Naamani, jemadari wa Shamu, alikwisha kuahidi kutomtolea sadaka mungu mwingine ila Mungu wa Israeli. Lakini bwana wake alipoingia nyumba ya mungu Rimoni alimwegemea mkononi, na bwana akiinama, naye ataachaje kuinama? Alimweleza nabii Elisha mapema, akaruhusiwa kwenda kwa amani. Kwa hiyo simama mkubwa akiingia, mwite mheshimiwa, piga makofi hotuba ikiisha. Hupungukiwi kitu.

Utanitajia Warumi 13, inayotaka kila mtu ayatii mamlaka. Naikubali yote. Ila Paulo aliyeiandika ndiye aliyekata rufaa kwa Kaisari alipoona hapati haki. Ngazi ya juu ikiwepo, ipande.

Tatu, usitii nusu ukaiita nzima. Hapa wengi huumbuka. Mfalme Sauli wa Israeli aliagizwa asibakize chochote cha Waamaleki. Akambakiza mfalme Agagi na mifugo iliyonona, kisha akamlaki nabii Samweli kwa baraka na kutangaza kazi imekwisha. Kondoo wakalia. Akawasingizia watu, akasingizia sadaka. Kama kuna jambo hukulifanya, litaje mwenyewe kabla halijalia.

Nne, na hapa nakusihi kabisa: weka akiba ya hapana yako kwa siku ambayo amri itadai roho ya mtu. Mtazame Yoabu, jemadari wa mfalme Daudi. Daudi alipotaka watu wahesabiwe, jemadari huyu alimpinga mfalme usoni. Aliposhindwa akaenda, akazunguka nchi miezi 9 na siku 20, na Mambo ya Nyakati inasema aliyaacha makabila ya Lawi na Benyamini kwa kuchukizwa na neno la mfalme. Alijua kubisha, basi. Lakini ndiye yule yule aliyewahi kupokea barua ya Daudi, iliyoletwa na askari wake Uria mwenyewe, ikiagiza huyo Uria awekwe mbele pale vita vilipo vikali na wenzake warudi nyuma. Barua ile aliitekeleza, na hatusomi kwamba aliuliza hata swali moja. Ujasiri wake ulikuwepo siku ya sensa. Siku ya Uria ulikuwa wapi? Mimi nikisoma hapo hasira hunipanda, kwa kuwa wasomi na wachapa kazi wazuri ndio hasa tunaopelekewa barua za namna hiyo, tena kwa lugha laini.

Tano, siku hiyo ikifika, weka ujanja wote chini. Sauli aliwaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu. Hawakunyoosha mkono. Wala usijidanganye kwamba kukataa kwako kutamzuia mkubwa: mfalme alimgeukia Doegi Mwedomi, na makuhani 85 wakafa siku ile ile. Kataa vivyo hivyo. Usitukane, usipige kelele, usitafute mtu wa kumsingizia. Sema huwezi, eleza kwa nini, na wakidai funguo za ofisi, wakabidhi.