Koti la Mali Kauli

Koti lenyewe lilikuwa la sufu, zito kama godoro lililonyeshewa, rangi ya ugoro, viwiko vimetiwa viraka vya ngozi. Mke wangu alinivalisha asubuhi ya Idi Kubwa, akanizunguka mara mbili, akaridhika. Alikuwa amerudi safari ya Dar es Salaam juzi yake. Akasema kalitoa Karume, na bei nisimuulize, kwani tangu lile soko liungue Januari 2022 wauzaji hawana huruma. Nikaenda nalo kuswali. Kufika rakaa ya pili nilikuwa nimelowa kama mtu aliyetoka kupiga mbizi Chole.

Sasa utasemaje? Mwanamke kavuka na boti kutoka Nyamisati hadi huku Mafia, mawimbi yanampiga, koti kalipakata kama mtoto, halafu umwambie linawasha? Nilinyamaza. Siku ya tatu nikalitia kwenye mfuko wa sandarusi nikaenda Kilindoni kwa mama mmoja ninayemfahamu.

Huyu mama anauza mitumba, lakini si wa kufungua belo. Belo hufunguliwa sokoni, watu wakavamia, mwenye viwiko vikali ndiye anayeondoka na shati zima. Yeye hupokea nguo ambazo wenyewe wamezichoka, akazifua, akazipiga pasi ya mkaa, akazitundika. Nguo ikiuzwa, hukata chake akakupa chako. Isipouzwa, unarudi nayo kwako. Hakuna risiti wala sahihi, ni mali kauli tupu. Mtaji wake wote ni ulimi na daftari moja lililochakaa pembe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.” Akalipokea koti, akaligeuza ndani nje, akalitazama kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kisha akanitazama mimi. “Zuri,” akasema, akalitundika.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba Mafia ni kisiwa. Dar ukiuza shati umeagana nalo. Huku nguo ikitoka mlangoni kwako inazunguka tu, haina pa kwenda. Ipo suruali moja niliyoigawa zamani ambayo imeshanisalimia mara tatu njiani, kila mara ina miguu mingine. Wazee wetu mitumba waliiita kafa-Ulaya, wakidhani mwenye nguo ameshazikwa huko kwao. Walistarehe wale, maana marehemu hakutani nawe gatini.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iondolewe ndani ya miaka mitatu, fundi cherehani wa mtaani kwetu alishangilia hadi akajidunga sindano. Miaka mitatu ikapita, na mingine juu yake. Leo kazi yake kubwa ni kupunguza viuno vya suruali za Wajerumani.

Turudi kwenye koti. Siku si nyingi baadaye, mke wangu akatoka pwani alfajiri na ndoo ya dagaa na uso ambao sikuupenda.

“Baba watoto, koti lako liko wapi?”

“Lipo sandukuni.”

“Basi lina pacha. Nimemwacha pwani, kavaliwa na kijana wa dagaa, viraka viwili vya ngozi, magamba mpaka kwenye kola.”

Ningejua! Nilikuwa nikijiuliza nani atanunua koti la sufu kwenye kisiwa cha minazi, kumbe wateja wapo. Kaa wewe usiku kucha ndani ya mashua msimu wa kipupwe, kusi inavuma, umelowa, unasubiri dagaa waifuate taa, ndipo utajua lile koti lilishonewa nani.

“Nimemwazima,” nikasema. “Nilimwona anatetemeka.”

Alinitazama. “Una huruma wewe,” akasema, akaingia jikoni. Ndoo aliitua kwa kishindo.

Nikakimbilia dukani nikachukue angalau hela yangu. Mama akanipoza: kijana kalichukua kwa mkopo, atalipa giza likiisha, kwa sababu mbalamwezi ikitoka wenye mashua hugawana mapato. Kwa hiyo koti langu la mali kauli lilikuwa limetolewa kwa mali kauli, na mimi nikawa nangoja mwezi, kama anayesubiri kufunga Ramadhani.

Mwezi uliandama. Nikaenda kifua mbele. Mama akavaa miwani, akafungua daftari.

“Limeuzwa elfu kumi na nane. Changu elfu tatu. Inabaki kumi na tano.”

Nikakinga mkono.

“Deni elfu ishirini,” akaendelea bila kuinua macho. “Kumi na tano nimekata. Unadaiwa elfu tano, baba.”

“Deni gani, mama? Mimi sijakopa hapa hata kitufe.”

Akaligeuza daftari upande wangu, kidole kwenye mstari. Jina la mke wangu. Tarehe, siku mbili kabla ya Idi. Koti la sufu, moja. Mali kauli.

Kumbe Karume ni pale, hatua mia tatu kutoka nyumbani!

“Na nilipokuletea ukanyamaza?”

“Baba, mimi nauza nguo,” akasema, “siuzi maneno.” Akasubiri elfu tano yake. Nikalipa.

Usiku ule tulikula wali na dagaa. Mke wangu akaniuliza yule kijana atalirudisha lini koti. Nikasema giza lijalo likipita. “Asiliharibu tu,” akasema. “Limetoka mbali lile.” Nikamwitikia kwamba limetoka mbali, nikaomba niongezwe mchuzi.

Asubuhi akajifunga mtandio, akaniaga. Anafika Kilindoni mara moja, kuna kideni cha sukari amekiacha dukani.

“Cha kiasi gani?” nikamuuliza.

“Elfu ishirini.”

“Sukari imepanda,” nikasema, nikavuta kiti barazani kumsubiri.