Sifuri ya Shemeji

Shemeji yangu akikuita uani siku ya Jumapili, usitegemee mishikaki. Utashikishwa tochi. Mradi wake ni gari litakalotembea kwa maji, na sasa umefika kwenye koili, hatua inayotaka watu wawili: mmoja azungushe waya, mwingine ahesabu.

Waya wenyewe ni wa shaba, ule mwembamba uliopakwa vanishi, kaununua kwa kilo kwa mafundi wa kuwaindi mota kule Gerezani. Maelekezo yanataka nyaya mbili zilale sambamba juu ya paipu ya plastiki, bila kupandana, mizunguko mia kadhaa. Kuhesabu ni kazi yangu, na ni kazi nyepesi mpaka muuza samaki apite getini na vibua vyake, dada aulize bei kutoka jikoni, muuzaji aitaje, nami niendelee kuhesabu kuanzia pale kwenye bei. Koili yetu ya kwanza ina mizunguko mia mbili na arobaini, au elfu tatu mia tano.

Mtume wa mambo haya ni Stanley Meyer wa Grove City, jimbo la Ohio, Marekani. Alidai kigari chake cha mchangani kingevuka nchi nzima, Los Angeles hadi New York, kwa maji yapatayo lita 83. Siri ilikuwa kwenye mabomba mawili ya stenlesi, moja ndani ya jingine, yaliyozamishwa majini na kufanywa kapasita. Unayapa umeme wa mapigo kupitia koili. Ukipatia masafa, koili na kapasita zinaitikiana, volti zinapanda, ampia zinabaki chini kabisa, na maji yanaachana yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio ilisikiliza wataalamu waliokikagua kifaa na kukuta elektrolisisi ya kawaida tu. Ikaamua kuwa ni utapeli, na Meyer akaamriwa kuwarudishia wawekezaji wawili dola 25,000. Mwaka 1998 aliugua ghafla akiwa mgahawani, akafa. Uchunguzi ukasema ni mshipa wa damu kichwani. Shemeji anayajua yote hayo. Huyasimulia vizuri kabisa, kisha anatazama ukutani kulia na kushoto na kuninong'oneza: "Shem, wamemuua."

Basi tukawasha. Mita ya ampia ikasema sifuri.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Shemeji alinikumbatia. Si ndiyo yenyewe, volti bila ampia? Akamwita dada aje ashuhudie, dada akaja na mwiko mkononi, akaitazama sifuri, akauliza mbona maji hayachemki wala hayatoi povu. Akaambiwa awe na subira. Tuliishangilia ile sifuri muda wa kutosha hadi kijana anayetengeneza feni pale kona alipoingia kudai bisibisi yake. Akainama, akaangalia maungio, akauliza kwa adabu: "Mzee, vanishi mmekwangua?"

Hatukuwa tumekwangua. Umeme ulikuwa haujafika popote.

Tulipokwangua kwa msasa na kulehemu upya, ampia zikaja kwa fujo. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi ya kutosha kuungia mchuzi, na kapasita iliyojaa maji ya namna hiyo inavuja umeme kuliko inavyouhifadhi. Huko kuitikiana kutatoka wapi? Shemeji akazungusha kitufe cha masafa polepole, na mahali fulani koili ikaanza kupiga mluzi mwembamba, mbwa wa jirani akaitikia. "Hapo hapo! Usiguse!" akapiga kelele, ingawa sikuwa nimegusa kitu. Kwa hiyo masafa rasmi ya mradi wetu ni yale yanayomliza mbwa. Punde transista ikatoa moshi.

Hata hivyo, kwa haki yake, gesi ilitoka. Tuliipitisha kwenye chupa ya maji ili moto usirudi nyuma, tukaipuliza kwenye beseni la povu la sabuni, shemeji akasogeza njiti ya kibiriti iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Ulitokea mlio ambao majirani bado wanaujadili. Beseni lilikuwa la kufulia nguo za mtoto. Lilikuwa.

Dada ndiye aliyeuliza kama gesi hiyo itarudisha uniti za umeme zilizoliwa kwenye mita ya LUKU. Nikamwambia ninachokijua: maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, na kuitenganisha upya kunadai nguvu ileile iliyotoka ilipoungua. Lita moja ya maji inameza uniti 4.4 kwa uchache, hapo kila kitu kikienda sawa, na ukiichoma gesi yote huwezi kupata joto zaidi ya hilo. Injini ya gari nayo inapoteza zaidi ya nusu yake. Koili, hata ya mizunguko ya bei ya vibua, haibadilishi hesabu. Dada akamgeukia mumewe: "Baba watoto, umesikia?"

Alikuwa anasikia. Alisema tatizo ni mabomba, amepata mengine yenye kuta nyembamba, na wiki ijayo atahitaji gari la majaribio.

Gari langu nimelipeleka gereji. Fundi anazidi kunipigia simu kuuliza linaumwa nini.