Jinsi ya Kuwa Mkufunzi wa Makampuni Bila Kuishia Kupigisha Watu Makofi

Saa tatu kasoro robo asubuhi, ukumbi wa hoteli mjini Morogoro. Wahasibu 22 wamesimama duara wanarushiana mpira wa karatasi. Anayeudaka anataja jina lake na tunda analolipenda. Mpira umemfikia mhasibu mkuu, mama mtu mzima aliyekesha akifunga hesabu za mwaka. "Fenesi," anasema. Mwezeshaji anaruka: makofi ya kilo kwa Mama Fenesi! Hadi kesho jioni jina lake ni hilo, na wanaomwita hivyo ni vijana ambao likizo zao anazisaini yeye.

Wewe unayetaka kuingia kwenye kazi ya kufundisha wafanyakazi wa makampuni, sharti la kwanza ndilo hili: usiwafanyie watu wazima hivyo. Kazi yenyewe ni nzuri, ina heshima na ina riziki. Imevamiwa tu na wachangamsha ukumbi, na ninaipenda mno kuwaachia.

Anza kwa kuwa na kitu cha kufundisha. Utapewa kadi ya mtu imeandikwa uongozi, usimamizi wa muda, huduma kwa wateja, ujasiriamali, kilimo cha matikiti na ushauri wa ndoa. Chagua kimoja. Kama umekaa ghalani miaka saba, fundisha ghala: mzigo wa zamani utoke kwanza, hesabu ya mkono ilingane na ya kompyuta, dereva asisaini asichokihesabu. Hakuna mtunza ghala atakayesinzia kwenye somo hilo, maana kila mmoja ana upotevu wake anaoukumbuka, na pengine alikatwa mshahara kwa ajili yake. Huduma kwa wateja nayo wamwachie aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta siku ya mshahara, foleni imefika barabarani na mtandao umekata.

Suti moja inatosha. Weka fedha kwenye viatu, utasimama saa saba.

Sasa slaidi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo waongo wengi wanapofugwa. Utarithi kutoka kwa mkufunzi mwingine slaidi inayosema mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, hadi 90 ya anachotenda. Ifute. Mchoro wa pia uliozaa slaidi hiyo ni wa Edgar Dale, Mmarekani, wa mwaka 1946, na haukuwa na asilimia hata moja. Zilipachikwa na watu wa baadaye. Itakayofuata itadai kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, na mwili 55. Namba hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu jinsi mtu anavyohisi kama anapendwa au anachukiwa pale neno, sauti na uso vinapopingana. Hayakuhusu mkutano wa bodi. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, tungesikiliza hotuba ya Kichina na kurudi nyumbani na asilimia 93 yake. Halafu kuna piramidi ya Maslow. Makala yake ya mwaka 1943 kuhusu mahitaji ya binadamu isome yote, ni nzuri; piramidi humo hutaikuta.

Najua zinapendeza. Lakini mhasibu analipwa kukataa namba isiyo na hati. Ukimwonyesha namba isiyo na chanzo dakika ya kumi, ameshakufunga dakika ya kumi na moja, hata kama anaendelea kutikisa kichwa kwa adabu.

Kabla ya kukubali kazi yoyote, omba siku moja ya kukaa mahali pa kazi. Afisa rasilimali watu atakwambia, "Mwalimu, tunataka mafunzo ya mawasiliano," na mara nyingi ugonjwa ni mwingine. Niliwahi kuitwa na taasisi moja ya fedha niwafundishe makeshia tabasamu, wateja walikuwa wanalalamika. Nikakaa kwenye benchi la wateja tangu saa mbili hadi saa sita. Madirisha manne, printa moja, nayo iko nyuma ya mlango. Kila risiti ilimtoa keshia kwenye kiti, akaenda, akangoja, akarudi na uso aliorudi nao. Niliwaandikia ukurasa mmoja: nunueni printa tatu. Kazi ya siku mbili niliyokuwa nimeshaipigia hesabu ya ada ya shule ikaota mbawa. Niliumia, sikatai. Baada ya miezi minane waliniita tena, safari hii kwa jambo lililohitaji mafunzo kweli: namna ya kumweleza mteja kwa nini mkopo wake umekataliwa. Siku hiyo makeshia walinisikiliza kama ndugu yao. Walijua nani alisema kuhusu printa.

Kuhusu fedha, jisajili mapema: namba ya mlipakodi, risiti ya EFD, na kwa taasisi za umma Tanzania, mfumo wa manunuzi wa NeST. Ukilipwa na kampuni ya Tanzania utakatwa kodi ya zuio asilimia 5. Dai cheti chake siku hiyo hiyo. Ukivuka kwenda Kenya, jisajili kwanza NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda ya huko. Mwajiri wa huko huchangia shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo ikiwa mkufunzi amesajiliwa. Na usianze kazi kwa simu, subiri hati ya ununuzi (LPO).

Utaulizwa kuhusu posho kabla ya kuulizwa kuhusu somo. Usimcheke anayeuliza. Kwa dereva au karani, posho ya siku mbili za mafunzo Bagamoyo ni karo ya mtoto, na kampuni ndiyo iliyomzoesha kwamba kujifunza hulipwa kando. Ushauri wangu kwa kampuni huwa ni kuacha hoteli. Nipeni saa mbili kila Jumatano kwa wiki sita, hapo hapo ofisini, chai na maandazi ya mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana akachapisha matokeo mwaka 1885: tunachojifunza kwa mkupuo hutoroka upesi, na kukirudia kwa kuachanisha siku hukishikilia. Jumatano ya pili mtu anakuja na kosa alilolifanya Ijumaa. Hilo kosa ndilo somo, na hakuna slaidi inayolishinda.

Mwishoni utagawa fomu. Jifunze kutoiamini. "Je, mwezeshaji alikuwa mchangamfu?" Ndiyo, sana. "Chakula?" Kizuri. Donald Kirkpatrick alieleza mwaka 1959 mambo manne ya kupima: washiriki wameyaonaje mafunzo, wamejifunza nini, wanafanya kazi tofauti na zamani, na kampuni imepata nini. Fomu yetu huishia kwenye la kwanza, tena inajazwa na mtu aliyeshika begi, basi linanguruma nje.

Kwa hiyo andika kwenye mkataba siku ya kurudi, siku sitini baadaye, na bei yake uiweke ndani ya bei ya mwanzo ili asiwepo wa kuifuta. Siku hiyo usivae suti. Ingia na wateja, chukua namba, keti kwenye benchi lile lile. Mtazame keshia wa dirisha la tatu, yule aliyekuwa kimya wiki zote sita, anapomgeukia mzee aliyekataliwa mkopo, anasogeza karatasi katikati yao, anaanza kumweleza mstari kwa mstari, na mzee anatoa miwani mfukoni.