Jinsi ya Kuchagua Chuo cha Falsafa Huku Mjomba Akikutazama

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, umefaulu, na umetamka mbele ya ukoo mzima kwamba utasoma falsafa. Kimya kitakachofuata usikiogope. Kazi yako ya kwanza ni mjomba, kwa sababu ndiye aliyelipa ada ya sekondari na ndiye atakayeuliza falsafa inamlisha nani. Mpe shikamoo, kaa chini, umsimulie kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Mwaka 1987, mjane wake Wambui na ukoo wake wa Umira Kager walivutana mahakamani Nairobi juu ya nani mwenye haki ya kumzika. Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Waluo alikuwamo mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka. Mjomba amekaa vikao vya mirathi na mazishi mpaka jogoo wakawika. Ataelewa upesi kwamba yapo maswali yasiyomalizwa kwa kelele. Akikuuliza mshahara utakuwa kiasi gani, mwambie hujui. Haifai kuanza kutafuta ukweli kwa kumdanganya mzee.

Sasa chuo. Wenzako watachagua kwa jina na kwa picha. Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umependeza hadi ukawekwa kwenye noti ya shilingi 500, lakini kuta hazifundishi. Funga safari mwenyewe uende idarani. Ukizunguka korido nzima bila kuona falsafa, tafuta mlango wa dini: Dar es Salaam na Nairobi masomo haya mawili yanakaa idara moja. Bisha hodi. Ukikaribishwa, muulize mhadhiri swali moja tu: mwanafunzi wa mwisho kukupinga darasani alipata alama gani? Kisha tulia umtazame. Mhadhiri akicheka, akakusimulia hoja yenyewe, alivyoijibu na pale ilipomshinda, umefika. Anza kuulizia bweni. Akitaka kujua nani amekutuma, mshukuru kwa muda wake na uwahi basi.

Kipimo hiki nimekikopa kwa Oruka mwenyewe. Aliporudi kutoka masomoni Uppsala, Sweden, vilikuwapo tayari vitabu vilivyoizungumzia fikra ya Mwafrika kama mali ya jamii nzima kwa pamoja. Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji, alichapisha chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. John Mbiti alitoa chake mwaka 1969 akifundisha Makerere. Oruka hakuridhika. Akaenda kuwahoji wazee mmoja mmoja, kwa majina yao, Paul Mbuya Akoko akiwa mmojawapo, kisha akawagawa. Wapo wenye hekima wanaoijua mila yote na kuieleza vizuri, na hapo ndipo wanapoishia. Wapo na wengine wanaoijua vilevile, lakini wanaihoji: hili tunalishika kwa nini, na lile kwa nini tusiliache? Hawa wa pili ndio aliowahesabu kuwa wanafalsafa, hata kama hawakuwahi kukanyaga darasa. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1990, kwa jina la Sage Philosophy.

Ingia chuoni na mgawanyo huo kichwani. Wapo wahadhiri wanaomjua Plato, Kant na Hegel ukurasa kwa ukurasa, na wanachotaka kwenye mtihani ni noti zao zirudi kama zilivyotoka. Ni wasomi na ninawaheshimu, ila ukikaa mikononi mwao miaka mitatu utatoka umekariri falsafa bila kuifanya hata siku moja. Wale wanaohoji ni adimu, lakini mmoja tu anatosha. Ukimpata kwenye chuo kisicho na jina, kando ya barabara ya vumbi, nenda hukohuko, na picha ya mahafali utapigwa palepale kwenye vumbi.

Omba orodha ya vitabu vya kozi, uangalie Afrika imewekwa wiki ya ngapi. Ikiwa ni wiki ya mwisho, wakati kila mtu anakesha akijiandaa kwa mitihani, umeshajua inavyothaminiwa. Kumaliza shahada ya falsafa Afrika Mashariki bila kumsoma mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, ni aibu, na aibu hiyo si ya mwanafunzi.

Maktabani usihesabu vitabu. Toa kimoja, fungua karatasi ya mihuri ya kuazima. Aristotle mwenye muhuri mmoja uliofifia amekueleza yote. Ukikuta kitabu kimelegea, pembeni mtu ameandika kwa penseli na mwingine amemjibu, kaa chini usome ugomvi wao. Hao ndio watakaokuwa wenzako.

Seminari nazo usizidharau. Kibosho na Ntungamo zimewafundisha falsafa vijana wengi wa Kitanzania, na Chuo cha Jordan kule Morogoro kimekua kutoka taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani. Ila usiende seminari kudai wito usio nao kwa sababu tu kule kuna utulivu na wali unaiva kwa saa yake.

Popote utakapofika, pita na Idara ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi aliyeandika Nagona na Mzingile alikuwa mhadhiri Dar es Salaam, na riwaya hizo zinauliza kuhusu ukweli, kifo na Mungu kwa lugha uliyoota nayo meno. Warudie wa falsafa uwaulize kama wamezisoma. Ikiwa wamezisoma, na wanabishana juu yake kantini kwa Kiswahili huku chai ikipoa, weka chuo hicho cha kwanza kwenye maombi yako na uyatume kabla dirisha la udahili halijafungwa.