Mwanamume wa Dakika Kumi

Saa nne asubuhi mama mkwe alimpigia simu mwanawe kazini. "Baba, njoo nyumbani. Usiulize kitu, we njoo." Alipobanwa akashusha sauti: "Mkeo yuko chumbani na mwanamume. Anamsemesha Kizungu."

Mama mkwe wangu si mzushi. Alikuwa amekuja kwetu Mbagala kutoka Muheza na kiroba cha machungwa, akisubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na mwezi ule alituona sote kama watu waliosimama nyuma ya chandarua. Kilichopungua machoni kilikuwa kimehamia masikioni. Mfuniko ukigonga sufuria jikoni, anajua ni ya wali au ya mchuzi. Kwa hiyo aliposema kuna mwanamume, ujue mwanamume yupo.

Nilimleta mwenyewe. Nilimpata kwenye semina.

Ilikuwa semina ya nusu siku kuhusu afya ya akili ya wauguzi, pale pale kazini, soda moja na sambusa mbili kwa kila kichwa. Mwezeshaji alikuwa amejiandaa. Alitueleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza ule uchovu wa kupitiliza kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, na likasisitiza kuwa wenyewe si ugonjwa. Ni kitu kinachotokana na kazi, pale shinikizo la kazini linapokaa muda mrefu bila kudhibitiwa. Akaongeza kwamba mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2022 unataka mazingira ya kazi yenyewe yarekebishwe, na wasimamizi wafundishwe. Mwenzangu wa wodi ya watoto akaninong'oneza, "Kwa hiyo wanaongeza watu?"

Hawakuongeza watu. Tulitumiwa programu ya simu kwenye kundi la WhatsApp, mwezi wa kwanza bure, baada ya hapo unalipia. Kila siku dakika kumi za kutuliza akili. Unafumba macho, bwana mmoja mwenye sauti nzito anakuongoza.

Mimi sidharau. Mazoezi haya yana ukoo. Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyachota kwenye tafakuri za Wabudha, akayapeleka mwaka 1979 kwenye hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, kwa wagonjwa ambao maumivu yao yalikuwa yamekataa kuondoka. Siku hizi kozi yake ni ya wiki nane, na ndani yake mna siku nzima ya kukaa kimya. Siku nzima! Niliposoma hivyo nilitamani maumivu sugu. Sisi tumekatiwa dakika kumi, na hizo kumi kila mtu akazitafute kwake.

Siku ya kwanza bwana akanipa kazi ya kutazama pumzi zangu na kuzihesabu. Sasa, muuguzi hahesabu pumzi hivihivi. Anahesabu kwa saa, dakika nzima, huku amemshika mgonjwa kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, ili mgonjwa asijue akaanza kupumua kwa adabu. Nikahesabu zangu kwa saa ya ukutani. Nikapata 24. Mtu mzima aliyetulia ni kati ya 12 na 20. Nikarudia: 26. Bwana bado ananibembeleza nisihukumu chochote, mimi nimeshajipima joto na natafuta wa kunisikiliza mapafu.

Siku ya pili akataka mahali tulivu. Tunapanga vyumba viwili na sebule, ua mmoja na wapangaji wengine watatu, na ukuta wetu wa nyuma ndio ukuta wa fundi wa kuchomelea mageti. Nikaingia chooni. Dakika ya tatu mlango ukagongwa, mtoto wa jirani analia kwamba ameshikwa na haja. Kuna utulivu gani tena hapo? Siku ya tatu mwanangu mkubwa alikuwa ameondoka na spika zangu za masikioni. Ndipo nikafanya kosa. Nilitoka zamu ya usiku, nikaoga, nikajifungia chumbani, nikaongeza sauti ya simu ili impite fundi, nikaiweka kifuani.

Mengine nimesimuliwa.

Mama mkwe alikuwa sebuleni akimenya vitunguu saumu. Akasikia sauti ya mwanamume, nzito, taratibu, inayosema kidogo na kunyamaza sana. Kisha akanisikia mimi nikishusha pumzi ndefu. Kisha mwanamume. Kisha pumzi. Akamwita jirani awe shahidi, jirani akaweka sikio mlangoni, akashika mdomo. Fundi akazima mashine ili naye asikie, kitu ambacho nilikuwa nimekiomba kwa miaka miwili. Akaja na nondo mkononi, akisema ni ya tahadhari tu.

Mume wangu alifika na bodaboda akiwa bado na kofia ngumu kichwani, akausukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka. Nilikuwa nimelala chali, mdomo wazi, na gauni la kazini halijafuliwa liko miguuni. Bwana anaendelea kifuani mwangu, hana wasiwasi.

Jioni kikaitishwa kikao. Mama mkwe hakutaka kuelezwa, alitaka kumsikia mshtakiwa. Simu ikawekwa juu ya stuli, nami nikawa mkalimani wa kesi yangu.

"Anasema nini hapo?"

"Anasema mawazo yakija, mama, usiyakamate. Yaache yapite kama mawingu."

"Ya ada ya shule nayo yapite? Yanapita yanaenda wapi?"

"Hajasema, mama."

"Ana watoto huyu?"

Mume wangu alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Akajikaza, akamweleza mamake kwamba mwezi ukiisha itabidi tulipie.

"Kumlipa! Aje mwanamume alale kifuani kwa mke wa mtu, halafu mwenye mke alipe!"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaona wenzangu wamenyamaza, nikagundua kwamba siwezi kuacha, na kwamba si kicheko tena.

Mama mkwe akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. Vidole vyake vinanuka kitunguu saumu. "Mwanangu, una nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia habari za mtoto wa kitanda cha saba. Tulikuwa wawili usiku ule, wodi imejaa, mwenzangu amekwenda kufuata damu, na mimi nimeinama kutafuta mshipa wa mtoto mwingine. Nilipoinua kichwa nilijua kabla sijafika. Mamake alikuwa amesinzia, mkono uko juu ya mtoto. Ilibidi nimwamshe. Kisha nikaandika ripoti, nikakabidhi zamu, nikapanda daladala, nikanunua mkate.

Hakuniambia yaache yapite. Aliuliza jina la mtoto. Nikamtajia. Akalirudia polepole, akamwombea, akaniombea na mimi, kisha akamwambia mwanawe leo apike yeye.

Kesho yake nilirudi kutoka zamu nikakuta kibao cha mbuzi kimehamishiwa mlangoni pa chumba na mama mkwe amekaa juu yake, anakuna nazi. Fundi alikuwa ameshaitwa, akaahidi kuanza mageti yake saa saba mchana. Sijui aliambiwa nini. Tangu siku hiyo ananisalimia akitazama chini. Muuza dagaa akikaribia na kelele zake alikutana na kifuu cha nazi kimeinuliwa hewani. Nililala saa tano mfululizo. Ratiba ya zamu ukutani kazini ilikuwa ileile, wawili kwa wodi nzima, na mwezi uliofuata nao ukaja vilevile.

Programu sikuifuta. Wiki ya mwisho ya ule mwezi wa bure, mama mkwe mwenyewe aliulizia. Upasuaji ulikuwa umekaribia na usingizi umemkataa. "Hebu niwekee yule bwana wako," akasema. "Kwa kuwa simwelewi, hawezi kunisumbua." Nikamwekea simu karibu na mto, sauti ya chini, nikakaa pembeni ya kitanda gizani.

Bwana hakumaliza hata dakika nne. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka, anakoroma kwa heshima. Nikamshika kifundo cha mkono, nikageuza simu niione saa, nikaanza kuhesabu. Kumi na nne.